Albamu Hazifungii Maandazi

Wadau, mwezi huu nimeulizwa swali lile lile na watu watatu: mtu anayetaka kuanza kusoma vitabu vya katuni vya Ulaya, hasa vya Wabelgiji na Wafaransa, aanzie wapi? Jibu fupi ninalo. Tatizo ni kwamba lina historia ndefu nyuma yake, na ndani ya historia hiyo yumo Mkongomani mmoja niliyekaa naye chumba kimoja nikiwa chuo. Kwa hiyo vuteni viti kwanza, majina ya vitabu yatakuja.

Mimi Tintin nilikutana naye nikiwa kidato cha pili, kwenye meza ya vitabu vya mitumba pale Posta. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kiingereza, jalada limechanika, na bei yake ilinifanya niende shule kwa miguu siku nne. Nilikinunua kwa sababu shujaa wake ni mwandishi wa habari. Sitanii, naye amechangia mimi kuingia kwenye kazi hii. Nilipoajiriwa ndipo nikashtuka: katika albamu zote 24, ninavyokumbuka, huyu bwana anaonekana mara moja tu akihangaika kuandika habari, nayo ni katika ile ya kwanza kabisa, ya Urusi. Hatumi stori, hadaiwi kurasa, haombi nauli. Mhariri wangu angemtimua kabla ya mshahara wa kwanza.

Kwa sisi tuliokulia hapa Bongo, katuni ni kitu cha gazeti. Tulisoma Sani, tukasoma Kingo, tukacheka na akina Lodilofa na Ndumilakuwili, halafu karatasi ikaenda kufungia maandazi. Hakuna aliyeona ubaya. Ulaya mambo yalishika njia nyingine. Kule nako katuni ilianzia gazetini, lakini ikahamia kwenye kitabu kikubwa cha rangi, jalada gumu, kinachokaa kabatini pamoja na vitabu vya babu. Hicho ndicho wanachokiita albamu. Albamu haifungii maandazi. Inarithiwa. Hapo ndipo penye utamu wa katuni za Ulaya, na ndipo penye kesi pia, maana kilichochorwa mbio mbio mwaka 1930 mtoto bado anakikuta dukani leo.

Twende Brussels. Tarehe 10 Januari 1929, toleo la watoto la gazeti la Kikatoliki la Le Vingtième Siècle lilianza kuchapisha safari za kijana mwenye kishungi cha nywele na mbwa mweupe. Mchoraji alikuwa Georges Remi, miaka 21, aliyejiita Hergé. Bosi wake alikuwa padri, Norbert Wallez, mtu aliyemhusudu Mussolini na aliyejua vizuri sana gazeti linaweza kufanya nini kwenye kichwa cha mtoto. Safari ya kwanza ikawa Urusi, ili watoto wa Ubelgiji waujue ubaya wa Wakomunisti. Hergé alitaka ya pili iwe Marekani. Padri akasema hapana, kwanza Kongo. Ubelgiji ilikuwa na koloni kubwa mara nyingi kuliko yenyewe, na ilihitaji vijana wa kwenda kulitumikia. Ndiyo hiyo Tintin au Congo, iliyotoka kila wiki kuanzia Juni 1930 hadi Juni 1931.

Hergé hakuwahi kukanyaga Kongo. Alichora kutokana na vitabu, magazeti na vitu alivyoviona kwenye makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Matokeo yake mnaweza kuyakisia hata kama hamjakishika kitabu: watu weusi wote sura moja, midomo mikubwa, lugha iliyovunjika. Gari la Tintin linagongana na treni, treni ndiyo inayoanguka, kisha anawakaripia Wakongomani kwamba ni wavivu hawataki kuinyanyua. Kuna ukurasa anaingia darasani kuwafundisha watoto kuhusu nchi yao, Ubelgiji. Wanyama anawaua kama mtu anayefukuza nzi. Kifaru mmoja anamtoboa mgongo, anamtia baruti, anamlipua.

Sasa, mwaka wa pili pale Mlimani nilikuwa nakaa na mshikaji wa Lubumbashi. Nakala ya kitabu hicho nilikuwa nayo, nikaificha chini ya godoro kwa aibu, kama mwenye picha chafu. Siku moja akaikuta. Nilikuwa tayari kuomba radhi. Jamaa akaketi, akafungua, akaanza kucheka. Alicheka mpaka wa chumba cha jirani wakaja kuuliza kuna nini. "Huyu muzungu alikuwa analota," akasema.

Baadaye nikaja kujua kwamba kicheko chake kina ukoo. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, kitabu hicho kilipotea madukani kwa miaka kadhaa, kwani wachapishaji walikionea haya. Mwishoni mwa mwaka 1969 gazeti moja la huko huko Kongo, lililoitwa Zaïre, likawashangaa Wazungu waliokuwa wakikificha. Hoja yake ilikuwa kwamba Mkongomani naye anakicheka, ila anamcheka yule Mzungu aliyemwona hivyo.

Lakini mshikaji hakuishia kwenye kucheka. Jioni ile alinirudishia kitabu, akaniambia nyumbani ana mdogo wake wa miaka kumi, anasoma Kifaransa vizuri na anapenda katuni kuliko chakula. Yeye mtu mzima anacheka kwa sababu anajua historia. Huyo mdogo akikikuta peke yake, atacheka na nani? Akaniuliza, "Wewe unayesoma haya mambo, nimupatie gani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma albamu kama kumi hivi, na katika hizo hakuna hata moja ningeweza kumkabidhi mtoto wa Lubumbashi bila kwanza kujieleza.

Wengine jibu wamelitafuta mahakamani. Mwaka 2007 Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongomani aliyekuwa akiishi Ubelgiji, alifungua shauri Brussels akitaka kitabu kizuiwe, au angalau kiuzwe na onyo. Mwaka huo huo nchini Uingereza tume ya usawa wa rangi ilitaka maduka yakiondoe. Mahakama ilimkatalia Februari 2012, na rufaa nayo akashindwa. Majaji waliona ni kazi ya zama zake, isiyo na nia ya kuchochea chuki. Mimi kupiga marufuku vitabu sikubali, nafanya kazi kwenye gazeti na najua marufuku huanza na kitabu kibaya na kuishia wapi. Ila hoja ya "zama zake" nayo ina tundu. Mwaka 1946, alipokichora upya kwa rangi, Hergé alilifuta somo la "nchi yenu Ubelgiji" akaweka hesabu za kujumlisha. Yaani aliona. Mwaka 1975 wachapishaji wa Skandinavia wakalalamikia kifaru. Ukurasa ukachorwa upya, kifaru akaponea. Midomo ya Wakongomani ikabaki vile vile.

Nilipoanza kutafuta jibu la mshikaji kwa dhati, la kwanza nililipata kwa Hergé mwenyewe. Mwaka 1934 ilitangazwa kwamba Tintin anakwenda China. Padri mmoja aliyekuwa mlezi wa wanafunzi wa Kichina Ubelgiji akamwandikia kumsihi asiwachore Wachina kwa mazoea ya Kizungu, akamkutanisha na Zhang Chongren, mwanafunzi wa sanaa pale Brussels aliyekuwa rika lake. Wakawa wanakaa pamoja. Zhang akamweleza Wajapani wanafanya nini nchini kwake, akamwandikia Kichina kwenye kuta na mabango ya mle kitabuni, maneno mengine yakiwa ni ya kuwapinga Wajapani waziwazi. Wasomaji wa Brussels walikuwa wakipitisha macho juu ya siasa kali bila kujua. Katika hadithi hiyo Tintin anamwokoa kijana aitwaye Chang asizame mtoni, kisha wanaambiana upuuzi ambao watu wa kila upande wanauamini kuhusu wenzao, wanacheka wote wawili.

Kitabu ni Le Lotus bleu, kwa Kiingereza The Blue Lotus, na ndicho pendekezo langu la kwanza. (Wajapani humo wamechorwa meno nje, huwezi kupata vyote.) Kilianza kutoka miaka minne tu baada ya cha Kongo kuanza, mchoraji yule yule, gazeti lile lile. Kilichoongezeka ni mtu mmoja kwenye meza. Wakongomani hawakupewa Zhang wao.

Albamu kama tunavyoijua leo ni mtoto wa vita, na hili wapenzi wengi wa katuni hawalijui. Mei 1940 Wajerumani waliikalia Ubelgiji. Hergé akahamia Le Soir, gazeti kubwa lililokuwa sasa chini ya mvamizi, jambo lililomletea kukamatwa mara kadhaa baada ya ukombozi mwaka 1944. Karatasi zikawa adimu. Mchapishaji wake, Casterman, akamwambia afupishe hadithi: kurasa 62, kwa rangi. Kwa nini 62? Karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa kuwa kurasa 16, nne ni 64, ondoa mbili za mwanzo. Albamu ya kwanza ya Tintin kutoka hivyo ilikuwa L'Étoile mystérieuse, mwaka 1942. Wakati huo huo katuni za Kimarekani zilikuwa hazipiti, na vita vilipokwisha Ufaransa ikatunga sheria ya tarehe 16 Julai 1949 ya kuchunga machapisho ya watoto, ambayo iliwabana zaidi wageni. Wabelgiji, wenye magazeti safi ya Kikatoliki kama Spirou la mwaka 1938 na Tintin la mwaka 1946, wakajikuta soko la Ufaransa liko wazi mbele yao. Ukisikia mtu anasema Wabelgiji wana kipaji cha katuni cha kuzaliwa nacho, mkumbushe uhaba wa karatasi na urasimu wa Paris.

Hapo katikati nitapita haraka, maana mnakujua. Gaston alitokea mwaka 1957, Smurfs mwaka 1958, Asterix mwaka 1959 katika gazeti la Pilote. Asterix anzeni na ile ya Cleopatra. Mkiona yule haramia mweusi anayekaa juu ya mlingoti na asiyeweza kutamka herufi r, mtajua kwamba ugonjwa wa mwaka 1930 haukuisha na Tintin. Ukipenda anga za juu, Valérian ya Christin na Mézières, iliyoanza mwaka 1967, na ukiisoma utashangaa ni mangapi umeshayaona kwenye sinema.

Pa kukaa ni kwa Hugo Pratt. Mwitaliano huyu, aliyezaliwa mwaka 1927, alipelekwa Ethiopia akiwa mtoto wakati Mussolini ameivamia. Baba yake alikuwa mtumishi wa utawala ule, akakamatwa na Waingereza, akafia kizuizini mwaka 1942. Kwa hiyo Pratt aliuona ukoloni kutoka ndani ya nyumba, kisha akauona ukiporomoka juu ya familia yake. Baharia wake, Corto Maltese, alianza mwaka 1967, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Pratt akamleta upande wetu katika mfululizo unaoitwa kwa Kifaransa Les Éthiopiques. Hadithi ya mwisho humo, shikeni viti, inatokea Rufiji, Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, mwaka 1918. Niliposoma neno "Rufiji" kwenye katuni ya Kizungu niliinuka nikatembea chumbani.

Nikarudi kukaa nikiwa na kinyongo kidogo. Hadithi yenyewe ni ya watu-chui. Watu-chui ni habari ya Kongo na Afrika Magharibi. Hata Tintin alikutana na mmoja, aliyechorwa kwa kutazama sanamu ya Tervuren. Rufiji ninayoijua mimi ina Kinjikitile na maji yake, mwaka 1905, jambo ambalo lisingehitaji kuongezewa chumvi. Lakini tofauti na Hergé, kwa Pratt Mwafrika ana ulimi. Kuna mpiganaji Mwislamu aitwaye Cush ambaye kila akifungua mdomo Wazungu wanabaki wadogo, na Corto mwenyewe analijua hilo. Wino wake mweusi tii, mistari michache, jangwa kubwa. Nunueni, ila si kwa mtoto wa miaka kumi.

Si kwa mtoto pia Déogratias, ya Mbelgiji Jean-Philippe Stassen, mwaka 2000. Ni Rwanda kabla na baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, kupitia kijana aliyerukwa na akili. Sitasema zaidi. Niliimaliza usiku nikashindwa kulala, na albamu nzima haizidi saa moja na nusu kusoma.

Baada ya hapo unahitaji kucheka, na wa kukuchekesha ni Marguerite Abouet. Alizaliwa Abidjan mwaka 1971, akaenda Ufaransa akiwa na miaka 12, na alichoshwa na kuona Afrika kwenye televisheni ni vita na njaa tu. Akaandika Aya de Yopougon, Clément Oubrerie akachora. Albamu ya kwanza ilitoka mwaka 2005, na mwaka 2006 ikapata tuzo ya albamu ya kwanza kwenye tamasha la Angoulême. Ni mtaa wa wafanyakazi wa Abidjan, mwisho wa miaka ya 1970: Aya anataka kuwa daktari, mashoga zake Adjoua na Bintou wanataka kwenda kucheza dansi, baba yuko kampuni ya bia na anamtafutia Aya mchumba mtoto wa bosi. Mkazi yeyote wa Sinza au Buruburu atawatambua wote, pamoja na yule mwanamume aliyerudi kutoka Paris na majigambo. Nyuma ya kitabu kuna maelezo ya kufunga kitenge na ya mapishi. Inapatikana kwa Kiingereza, hamna kisingizio.

Kwa wale wasio na hela ya albamu, maana jalada gumu la Ulaya ni bei ya kodi ya chumba huku, kuna katuni za mtandaoni. Mfaransa Boulet amekuwa akiweka maisha yake mtandaoni tangu mwaka 2004, nyingi zimetafsiriwa kwa Kiingereza. Anzeni na ile inayohusu Toyota ya familia yake na safari za usiku akiwa mtoto kiti cha nyuma: picha zinatikisika taratibu, taa zinapita, na ghafla uko ndani ya gari la baba yako. Yuko pia Pénélope Bagieu. Mwanzoni mwa mwaka 2016 Angoulême walitoa orodha ya majina 30 kwa ajili ya tuzo kuu, bila mwanamke hata mmoja, zogo likawaka. Mwezi huo huo Bagieu alikuwa ameanza kuchapisha, kwenye tovuti ya gazeti la Le Monde, maisha ya wanawake 30 waliofanya walivyotaka, Malkia Nzinga wa Ndongo na Leymah Gbowee wa Liberia wakiwemo. Inaitwa Culottées, kwa Kiingereza Brazen. Angalieni lakini ilivyoishia: haikuachwa mtandaoni, ikatolewa kuwa albamu mbili. Mfaransa haamini kitu mpaka kiwe na jalada gumu.

Na mdogo wa mshikaji? Nilichelewa, lakini jibu nimelipata, kwa mtu wa Kisangani. Barly Baruti alizaliwa huko mwaka 1959, amechora Kinshasa, amechora na Wafaransa, na mwaka 2014 alitoa Madame Livingstone pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie. Ni vita vya kwanza vya dunia, Ziwa Tanganyika. Rubani wa Kibelgiji ametumwa kuizamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, na anapewa mwenyeji wa kumwongoza: chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kudai kwamba baba yake ni David Livingstone. Ni safari ya Mbelgiji Kongo, kama ile ya mwaka 1930, ila kalamu iko mkononi mwa Mkongomani, na anayejua kila kitu ni mwenyeji. Miti, maji, nyuso, kila uso ni wa mtu mmoja tu, haufanani na wa jirani yake. Kuna mambo ya kikubwa humo kidogo, lakini yule dogo sasa ana miaka kumi na minne.

Mshikaji alimnunulia nakala ya Kifaransa. Juzi kanitumia meseji: dogo amemaliza kwa siku moja, anabisha kwamba ile meli ni ya kutunga. Nimemjibu kwamba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande ndani ya makasha, ikaungwa Kigoma mwaka 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha Julai 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 inaitwa Liemba. Bibi yangu aliipanda.